Mistari Minne katika Kunguni

"Nipeni mistari minne ya gazeti, nitamtafutia mke hata Sajini Quintanilha."

Maneno hayo aliyatamka Hermínio Palhuça akiwa amesimama juu ya kreti ya bia, mbele ya kombania nzima, siku toleo la kwanza la gazeti letu lilipotoka. Watu mia moja na arobaini walimsikia. Wa mia moja na arobaini na moja alikuwa Sajini Quintanilha mwenyewe, aliyekuwa dirishani mwa ofisi akihesabu karatasi za stensili. Aliendelea kuhesabu.

Sisi askari wa Ureno tulikuwa Sinchã Ualo, mashariki mwa Guinea, mwaka wa sitini na tisa, tumejizungushia seng'enge pande zote, tukiilinda nchi ya watu isichukuliwe na wenyewe. Sisi hatukuulizwa kama tunataka kuja. Wao hawakuulizwa kama wanataka tuje. Tofauti ni kwamba wao walizijua njia zote za porini, na sisi tulijua njia mbili tu, ya kwenda mtoni na ya kurudi, na ile ya kurudi hatukuwa na uhakika nayo.

Gazeti liliitwa Kunguni. Hermínio alieleza sababu katika ukurasa wa kwanza: linakaa kitandani mwa kila askari, linang'ata wakubwa na wadogo bila ubaguzi, na hakuna amri ya jeshi iliyowahi kulimaliza. Zilikuwa kurasa sita, zimepigwa kwa mashine ya stensili iliyovuja wino kama mtoto mwenye mafua. Ukimaliza kusoma, mikono yako ilikuwa myeusi na gazeti lilikuwa jeupe.

Kabla halijapigwa chapa, Kapteni Seabra alilipitia na penseli nyekundu. Alikata habari za risasi, habari za mahali tulipo, habari za serikali na habari za wake wa maofisa. Tulipotoa hayo yote tukabakiwa na mambo matatu: chakula, mbu na Sajini Quintanilha. Basi tukaandika hayo.

NYAMA YAPATIKANA NDANI YA WALI, kilisema kichwa cha habari cha toleo la pili. WATAALAMU WATHIBITISHA INA MIGUU SITA. Katika ukurasa wa michezo, platuni ya kwanza ilicheza na malaria na kufungwa kumi na moja kwa bila. Ukurasa wa nyota ulitabiri hivi: "Mizani, wiki hii utakula wali. Ng'e, wali. Mapacha, wali mara mbili." Watu walicheka mpaka mpishi akatishia kuacha kupika, na tishio hilo nalo tukalichapisha, chini ya kichwa HABARI NJEMA.

Hermínio alitoka Vale do Azinhal, kijiji cha Alentejo, kusini mwa Ureno, chenye kanisa moja, kisima kimoja na maoni mawili juu ya kila jambo. Shule alisoma miaka minne. Kazi yake ilikuwa kuchuna magome ya ule mti unaotoa vizibo vya chupa, ndiyo maana jeshini tulimwita Kizibo. Mti ule ukishachunwa unaachwa miaka tisa mpaka ujifunike tena. Yeye husema ni kazi pekee duniani ambapo unamvua mtu nguo, kisha unaondoka na kumsubiri miaka tisa avae.

Kuandika vichekesho hakufundishwa na mtu. Kule kwao, siku za baridi, siku ya kuchinja nguruwe, wanaume wakishakunywa divai hukaa kuzunguka moto na kushindana kwa mashairi ya mistari minne, kila mmoja akimkejeli mwenzake, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Akiwa na miaka kumi na minne Hermínio alitunga mistari minne juu ya buti mpya za msimamizi wa shamba. Msimamizi alikasirika, kwa hiyo alishindwa, na Hermínio alikaa miezi mitatu bila kazi. Aliona ushindi ni ushindi.

Mtu mmoja tu hakuweza kumkejeli. Huyo ni Lucília, binti wa mzee Honorato fundi mwashi. Yeye alikuwa akimjibu. Wakachumbiana kwa namna hiyo, wakitukanana kwa vina, na wakakubaliana kuoana vita vikiisha, au muda wake wa jeshi ukiisha, kitakachotangulia.

Novemba, Kunguni haikutoka. Tulimpoteza Fausto, mpiga gitaa wa platuni ya pili, kwenye ile njia ya mtoni, na Hermínio aliifunika mashine kwa turubai akasema hana la kuandika. Desemba pia haikutoka. Kufika Januari watu walikuwa wanamtazama wakati wa chakula, wanamtazama tu huku vijiko viko mkononi. Ndipo alipoondoa turubai, akaketi, akapiga tangazo hili kwa mashine, nami nikiwa pembeni yake nimeshika wino:

"Sajini wa makamo, mpole kama mwanakondoo, mpenda mashairi na kushona,
hana mtu wa kumwandikia wala wa kumwombea.
Anatafuta mama wa vita, mjane au vinginevyo, asiyeogopa masharubu.
Anajibu barua zote."

Chini akaweka jina la Quintanilha na namba ya posta ya kombania.

Mama wa vita alikuwa mwanamke wa huko nyumbani anayemchukua askari asiyemjua na kumwandikia, ili kijana asife kwa upweke kabla hajafa kwa sababu nyingine. Karibu kila askari alikuwa naye mmoja. Koplo Tadeu wa posta alikuwa nao tisa, na wote tisa waliamini Tadeu ni rubani. Lakini Sajini Quintanilha hakuwa na mama wa vita, hakuwa na mke, na kwa tulivyojua sisi hakuwahi kuwa na mama wa aina yoyote. Tuliamini alitolewa stoo, akasainiwa.

Kapteni Seabra aliposoma tangazo alicheka mpaka penseli ikaanguka chini ya meza, na ikiwa huko haikuweza kukata chochote. Tangazo likatoka. Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Sajini alinunua nakala yake kama kawaida, akaisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni.

Jambo lingeishia hapo. Lakini sisi tulikuwa na desturi ya kila mtu kutuma nakala yake nyumbani, ili mama aone mwanawe yuko hai na bado ni mjinga. Nakala moja ikafika parokia moja ya milimani kaskazini, mikononi mwa padre mhariri wa jarida la parokia, mtu mwema, ambaye hakuwahi kuambiwa utani tangu abatizwe. Akalisoma tangazo, akamwonea huruma sajini, akalichapisha katika toleo la Pasaka, kati ya orodha ya waliobatizwa na ushauri wa kupanda viazi.

Barua zilikuja na ndege ndogo siku za Alhamisi. Koplo Tadeu alipanda juu ya pipa, tukamzunguka, akaanza kuita majina.

"Quintanilha," akaita.

Watu wakageuka. Sajini alitoka ofisini taratibu, akapokea, akageuka kurudi.

"Quintanilha," akaita Tadeu tena. "Quintanilha. Quintanilha, hii ina manukato. Quintanilha, hii imeandikwa 'afikishiwe mpole wangu'."

"Soma majina, koplo, usisome bahasha."

"Ndiyo, afande. Quintanilha."

Zilikuwa arobaini na saba. Mtu mmoja wa nyuma akauliza kama Sajini anagombea ubunge. Mwingine akasema huyo mwanakondoo atahitaji zizi kubwa zaidi. Sajini alizibeba zote kifuani, kidevu kikiwa juu yake ili zisianguke, akasimama mlangoni akatuambia kwa sauti yake ya kila siku:

"Kuna mtu ameandika kitu kwa jina langu. Simtafuti. Ila hakuna karatasi ya mtu yeyote itakayotoka ofisi hii kwenda popote mpaka aje mwenyewe aniambie."

Akafunga mlango kwa kisigino.

Kila mtu alimjua mwandishi. Kuku wa kijijini walimjua. Lakini hakuna aliyesema, na Hermínio mwenyewe angeweza kukaa kimya mpaka mwisho wa vita kama siku hiyohiyo Tadeu asingemkabidhi na yeye barua yake, moja tu, ya Lucília. Alinisomea akiwa ameketi juu ya kreti.

"Kizibo wangu usiyezibika," aliandika Lucília, "baba anatuhamisha sote kwenda Ufaransa. Amekwisha kupatana na mvushaji wa njia za panya. Tunaondoka usiku wa Mtakatifu Yohana mwezi Juni, walinzi wa mpakani wakiwa wamelewa na kuruka mioto ya sikukuu. Baba anasema binti asiyeolewa haachwi nyuma, na aliyeolewa anabaki kwa mama mkwe. Kwa hiyo unioe kabla ya Mtakatifu Yohana, au uje unitafute Paris, nami Kifaransa sikijui, hata neno la kukataa wanaume sijalijua. Fikiria hilo ukiwa huko na mbu wako."

Alifikiria. Orodha ya likizo ilikuwa imejaa mpaka Septemba. Ilibaki njia moja, na askari wengi waliipita miaka ile: kuoa kwa uwakilishi. Unaandika hati, unamtaja mtu wa huko nyumbani asimame kanisani mahali pako, anasema "nakubali" kwa niaba yako, na wewe ukiwa umbali wa maelfu ya kilomita unageuka mume wa mtu. Hati yenyewe huandikwa katika ofisi ya kombania. Na ofisi ya kombania ilikuwa na mtu mmoja.

"Nenda," nilimwambia.

"Atanila."

"Hatakula. Hujaorodheshwa kwenye posho."

Akaenda. Nilikuwa kwenye kona ya ofisi ileile nikifunga marobota ya karatasi, kwa hiyo nilisikia yote.

"Afande."

"Palhuça."

"Lile tangazo, ni mimi."

"Najua."

"Tangu lini, afande?"

"Tangu ulipopanda kwenye kreti. Kaa." Akamtazama. "Hapana, simama. Tangazo lako lina makosa matatu."

Akaitoa Kunguni mfukoni, imepigwa mistari kwa rula.

"Kwanza, 'wa makamo'. Nina miaka arobaini na sita na miezi miwili, kwa nini uliandika kwa kukisia? Pili, 'mpole kama mwanakondoo'. Nani alithibitisha? Tatu, 'anajibu barua zote'. Hii ni ahadi, Palhuça. Imetolewa kwa maandishi, na chini yake kuna namba ya posta ya jeshi."

"Usizijibu, afande. Ulikuwa utani tu."

"Utani ni wako. Namba ya posta ni ya jeshi."

Akafungua daftari kubwa jipya. Alikuwa amekwisha kuzisajili zote arobaini na saba, kwa tarehe, jina la mwandishi na muhtasari. Nilinyoosha shingo nikasoma mstari mmoja: "Namba 12. Bi harusi mtarajiwa, Viseu. Anauliza rangi ya macho." Na kwenye safu ya hatua zilizochukuliwa: "Kahawia. Imefungwa."

Majibu yake yote yalikuwa ya namna moja. "Rejea barua yako ya tarehe 4. Imepokelewa na kusomwa. Mashairi siyajui. Kushona najua. Masharubu yapo. Wako mtiifu." Muhuri wa kombania. Saini.

"Hati yako nitaiandika sasa hivi," akasema Sajini. "Mwakilishi nani?"

"Kaka yangu Albano."

Akaipiga kwa vidole viwili, kila herufi kama anaua mende. Alipomaliza akamwekea Hermínio mbele bahasha arobaini na saba.

"Utazifunga zote kwa ulimi wako. Ndio uliotuletea kazi hii."

Alizifunga. Siku mbili hakuhisi ladha ya wali, jambo lililotufanya sote tumwonee wivu.

Hati ikaenda. Wanawake arobaini na sita walipopata majibu yao hawakuandika tena, na huwezi kuwalaumu. Lakini mmoja aliyebaki, Bi Umbelina, karani wa posta huko Castelo Branco, mjane, alijibu kwa ndege iliyofuata: "Rejea yako namba 31. Imepokelewa. Naomba ufafanuzi juu ya mambo mawili. (a) Meno ni yako? (b) Kushona ni kwa mkono au kwa mashine?" Alhamisi ile, kwa mara ya kwanza, tulimwona Sajini Quintanilha akisoma barua moja mara mbili. Baadaye ikajulikana kwamba ameomba likizo yake, ambayo hakuwahi kuigusa tangu alipokuwa vitani Angola. Sababu ya safari, aliandika katika fomu, ni ukaguzi.

Katikati ya Mei ikaja barua nyingine ya Lucília, fupi. Albano hayupo. Aliivuka mipaka wiki iliyopita na vijana wengine watatu, akamwachia mama yake ujumbe kwamba atatuma saa ya mkononi. Hati inamtaja Albano, na padre hamkubali mtu mwingine. Kijijini wa kutajwa badala yake wamebaki wazee wawili tu, mmoja kiziwi na mwingine ni babu yake Lucília. Na mvushaji hajabadilisha tarehe.

Siku hiyo Hermínio hakula, na alipochukua chai kwa Demba Candé hakuimaliza. Demba alikuwa mkalimani wetu, mtu wa kabila la Wafula wa palepale Sinchã Ualo, ambaye alinunua kila toleo la Kunguni ingawa hasomi Kireno. Alipenda michoro iliyomkejeli Sajini. Alikuwa akituchemshia chai ya kijani yenye povu mbele ya nyumba yake, hatua chache kutoka kwenye seng'enge.

"Wewe Kizibo, unalia nini?"

"Silii. Ni moshi."

"Moto umezimika zamani, mwanangu."

Hermínio akamweleza. Demba alisikiliza huku akimimina chai kutoka bilauri moja hadi nyingine, kutoka juu sana, bila kumwaga tone.

"Sasa shida iko wapi?" akasema. "Mke wangu wa kwanza nilimwoa mimi niko Bafatá nauza ng'ombe. Baba zangu wadogo walikaa na baba zake wadogo, wakagawana kokwa za kola za posa, imekwisha. Nimerudi namkuta anapika. Wa pili hivyohivyo. Nyinyi Wareno mnatutuma tuwatangulie kwenye mabomu, mnatutuma tuwafulie, tuwachotee maji, tuwaambie adui amesema nini. Kuoa peke yake ndiko mnataka mfanye kwa mikono yenu?"

"Sina wa kumtuma, mzee Demba. Ndugu yangu kakimbia."

"Ndugu si lazima. Tafuta mtu asiyetabasamu. Uwakilishi huharibiwa na mwakilishi anayetabasamu. Bibi harusi akimwona anatabasamu, anaanza kulinganisha."

Kisha sote watatu, pasipo kuambizana, tukageuza macho kwenye dirisha la ofisi, ambako masharubu yalikuwa yakihesabu karatasi za stensili.

"Hapana," akasema Hermínio.

"Anaondoka lini?" akauliza Demba.

"Tarehe kumi Juni."

"Basi kunywa chai yako uende. Mimi nitakuombea, ila kwa sauti ndogo, yule mtu ana masikio."

Aliingia ofisini mbele yangu. Mimi nilibaki nje chini ya dirisha, mahali ambapo mhariri msaidizi wa gazeti anapaswa kuwa.

"Afande, nina ombi."

"Andika."

"Haliandikiki, afande. Nakuomba uende Vale do Azinhal ukanioe... yaani ukaoe badala yangu. Ukamwoe Lucília. Kwa jina langu. Kisha umwache hapohapo."

Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Wewe," akasema Sajini, "umeniandika nikiwa nimepanda nguruwe."

"Toleo la tatu, afande."

"Nikiwa nanyonyeshwa na mbu."

"La tano. Ule mchoro si wangu."

Nikainama zaidi.

"Kombania nzima inaniita mwanakondoo. Juzi nimeamuru zamu ya ulinzi, mtu akaitikia 'mee'. Na sasa unataka nisimame mbele ya padre nikiwa wewe?"

"Afande, nimekukosea, na ningekuwa na mtu mwingine nisingekuja. Sina. Usipokwenda, mwaka kesho nitakuwa bado naandika Kunguni na sina mtu wa kumpelekea nakala. Simtaki aende Ufaransa. Hilo tu."

Nikasikia droo ikifunguliwa. Nikasikia karatasi ikiingizwa kwenye mashine ya kuandikia.

"Nitahitaji maelekezo kwa maandishi," akasema Sajini. "Mavazi?"

"Sare tu, afande."

"Pete nani anazo?"

"Mama yangu."

"Kupiga magoti?"

"Mara mbili. Padre atakuonyesha."

"Kucheza?"

"Wimbo mmoja na mama yangu. Anapenda."

"Busu?"

Hermínio akafikiri sana.

"Hapana, afande."

"Naandika. Busu: hapana." Vidole viwili vikagonga. "Na kichekesho chochote juu ya safari hii kitaletwa kwangu kabla ya kwenda kwa Kapteni."

Tarehe kumi akapanda ndege na begi moja, kasha la sindano na nyuzi, na hati mpya yenye mihuri mingi kuliko mkataba wa amani.

Harusi ilipangwa Jumamosi tarehe ishirini, saa tano asubuhi. Sisi Sinchã Ualo tukaamua kusherehekea kwa wakati uleule. Tulijua kuna tofauti ya saa mbili kati yetu na nyumbani, ila tukazihesabu upande usiokuwa wake. Saa saba mchana tulimpandisha Hermínio kwenye kreti, amevaa sare safi, na ubavuni mwake tukasimamisha ufagio uliovikwa chandarua. Mpishi alitengeneza keki ya wali. Kapteni alitoa divai. Tadeu, kwa sauti ya padre, akaupa ufagio nafasi ya kukataa. Jioni ndipo mwendesha redio, kijana pekee aliyejua hesabu, alipotuambia kwamba saa ya kweli ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Saa tatu nilikuwa wapi?" akauliza Hermínio.

"Ulikuwa chooni," nikamwambia. "Unaumwa tumbo."

"Kwa hiyo nimeolea chooni."

"Nimekuona ulipotoka. Ulikuwa umebadilika."

Alicheka, lakini usingizi hakuupata, kwa sababu hakuna aliyejua kama kule kweli kumetendeka jambo. Ulikuwa umbali mrefu, mabasi ya Alentejo yanaharibika, mzee Honorato ni mbishi, na Sajini hakuwahi kuonekana akipiga magoti. Jumatatu hakuna habari. Jumanne hakuna. Jumatano ilikuwa Mtakatifu Yohana. Alishinda ameketi karibu na redio kama mtu anayesubiri hukumu ya mahakama, na usiku wa mioto ukapita.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Tadeu akapanda juu ya pipa.

"Palhuça," akaita. Akaipindua barua akaiangalia nyuma. "Mtumaji: Lucília Palhuça."

Hermínio aliipokea kwa mikono miwili.

Lucília aliandika kwamba Sajini alifika Ijumaa jioni kwa miguu, basi lilimharibikia kilomita kumi na moja kutoka kijijini, akiwa na mwanamke mnene aliyebeba begi lake mwenyewe na kukataa kusaidiwa. Huyo alikuwa Bi Umbelina. Ukaguzi ulikuwa umekwenda vizuri, meno ni yake. Mzee Honorato alitoka mlangoni akasema binti yake haolewi na karatasi. Sajini akaifungua hati akaanza kuisoma yote, kwa sauti, amesimama wima, pamoja na namba za kumbukumbu, tarehe za mihuri na jina la kiwanda cha karatasi. Majirani wakatoka kusikiliza. Alipofika ukurasa wa pili mzee akasema inatosha. Sajini akasema haitoshi, akamaliza.

Kanisani padre alipouliza kama Hermínio Palhuça anakubali, Sajini alijibu kwa sauti ya gwaride, "Anakubali, kwa niaba yake, mimi," njiwa wakaruka kutoka kwenye mnara. Wanawake wazee walinong'ona kwamba Lucília amejipatia mume mkubwa kidogo ila mwenye mgongo mzuri. Sajini alicheza wimbo mmoja na mama mkwe, akihesabu hatua kwa mdomo. Pindo la gauni la Lucília lilichanika mlangoni, Sajini akapiga goti mara ya tatu, ambayo haikuwa kwenye maelekezo, akalishona palepale. Hakutabasamu hata mara moja. "Wewe ungecheka katikati," aliandika Lucília, "nami ningecheka, na padre angetufukuza. Umefanya vizuri kutokuja. Baba na mama na mdogo wangu wameondoka jana. Mimi niko kwa mama yako, anakoroma. Mkeo."

Hermínio alikwenda nayo mpaka kwenye seng'enge akamsomea Demba yote, Demba asielewe nusu yake, lakini alitikisa kichwa pale penye kushona.

Sajini alirudi mwezi uliofuata, akatoa begini kipande cha keki kigumu kama tofali na bahasha ya kadi ngumu, akavikabidhi, akadai saini ya kupokea. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha. Lucília amevaa nyeupe na anabana midomo asicheke. Pembeni yake Sajini Quintanilha amesimama kama analinda ghala la baruti. Nyuma yao, katikati, Bi Umbelina anamtazama mpiga picha kama mtu aliyeleta kifurushi bila stempu.

Hermínio aliitundika juu ya kitanda chake. Askari wapya walipokuja walimuuliza kama yule ni baba yake.

"Huyu ni mke wangu," aliwaambia, "na yule ndiye aliyemwoa."

Tulimwomba Lucília atuletee nakala nyingine, ya kuibandika ofisini kwa Kunguni. Akajibu kwamba mpiga picha anayo filamu bado. Nakala moja ni escudo kumi na mbili na nusu.